Turubai Lisilopumua

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Daftari hili ni la vipimo. Mbele naandika urefu na upana wa mizigo ya watu, nyuma hapakuwa na kitu. Leo nimeligeuza, kwa sababu nina jambo la kusema na sina wa kumwambia.

Wifi yangu, mke wa kaka, amekuja karakana saa nne asubuhi. Tangu nifungue hapa ni miaka kumi na tisa, na hakuwahi kukanyaga. Amesimama mlangoni kama anayeuliza njia. Mkononi ana kamba yenye mafundo saba.

"Kaka yako amekuletea vipimo. Fundo la kwanza mpaka la tatu ni upana wa dashibodi ya boti. La tatu mpaka la tano, kimo. Mengine amesema utayajua mwenyewe."

"Dunia nzima ina tepu, yeye ananiletea kamba?"

"Juzi alijikokota mpaka kwenye boti, wifi, akapima amekaa. Kusimama kunamchosha."

Ndipo akaketi kwenye robota la turubai na kunieleza. Ijumaa, tarehe mosi, daktari amewaambia kwamba uvimbe uko kwenye ini na kisu hakiugusi. Miezi mitatu.

"Alisemaje?"

"Aliuliza mvua zinaisha lini."

Anataka kuitoa boti mara moja tena, yeye mwenyewe kwenye usukani. Mwaka huu mvua ikianza hataweza kwenda kila baada ya siku mbili kuwasha mashine na kupangusa nyaya kama alivyozoea. Boti yake haina chumba. Usukani, geji na redio viko wazi, juu yake kibanda cha bati tu. Kwa hiyo anataka kifuniko, kitakachofunika dashibodi na nyaya zote mpaka kwenye sanduku la betri, ili mvua zikiisha azungushe ufunguo na mashine iitike.

Nimekubali. Sikukubali kwa furaha. Mama alipofariki aliniachia kitu kimoja, cherehani ya mkono. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaka aliiuza akanunua mashine yake ya kwanza ya boti. Miaka minne nilishona kwa sindano ya magunia mpaka nikapata cherehani yangu. Ni miaka ishirini na sita sasa. Nimemsikia akiwaomba radhi abiria kwa kuchelewa. Nimemsikia akimwomba radhi mbwa aliyemkanyaga mkia. Mimi bado nasubiri zamu yangu.

Jumanne, 5

Nimepiga hesabu. Siku tisini kutoka tarehe mosi zinaishia tarehe 29 mwezi wa tano. Mvua kwa kawaida huisha kama tarehe 20. Zinabaki siku tisa. Inatosha.

Jumatano, 6

Nimekwenda gatini na tepu. Upana sentimita 94, kimo 61, kina 38. Geji sita, redio moja, swichi kumi na moja. Nyaya zinashuka nyuma ya usukani kwa fungu moja nene kama kifundo cha mkono wangu, zinapita sakafuni sentimita 140 hadi kwenye betri. Ile kamba ilikosea kwa sentimita moja tu. Sikufurahi.

Nimepita nyumbani kwake. Amekaa kitandani na mito miwili mgongoni, macho ya njano.

"Tepu!" Ndivyo anavyoniita, ndivyo mtaa mzima unavyoniita, maana haishuki shingoni. "Umepima?"

"Nimepima."

"Sikiliza. Chini uache wazi. Vidole vinne, pande zote. Na juu, nyuma ya redio, mdomo mdogo wa kutolea hewa."

"Kaka, mimi nafunika malori ya saruji. Miaka kumi na tisa, hakuna mfuko hata mmoja ulioganda. Ukiacha tundu, umekaribisha maji."

"Saruji haikai juu ya maji, mdogo wangu."

"Na wewe hukai juu ya cherehani."

Wifi alikohoa kule jikoni. Kaka akanitazama, halafu akageukia dirisha. Nikaaga.

Alhamisi, 7

Nimekata. Turubai zito la kijani, lile la malori ya masafa marefu. Vipande saba.

Ijumaa, 8

Nimeshona siku nzima. Mshono wa kukunja mara mbili, uzi wa nailoni, juu yake gundi, juu ya gundi utepe. Pindo la chini nimelitia mpira unaobana sakafu, na fungu la nyaya nimelishonea soksi yake, imebana huku na huku. Sijawahi kushona kitu kizuri kama hiki. Hata mafundi wangu wawili wameacha kazi zao kuja kutazama.

Vidole vinne sikuacha.

Jumamosi, 9

Nimekifunga. Nimemwaga ndoo tano juu yake, mwendo wa taratibu, kila pembe. Nikaingiza mkono ndani. Tone sifuri.

Jioni kwa kaka. "Umeacha vidole vinne?"

"Ndiyo," nikamjibu, kama mtu anavyomjibu mgonjwa.

Akafumba macho. "Basi mvua na ije."

Jumatatu, 11

Imekuja.

Jumanne, 12

Mvua.

Jumapili, 17

Siku nane tangu nifunike, saba za mvua. Nimekwenda kwa kaka, dakika arobaini kama kila Jumapili. "Boti vipi?" "Kavu." "Kavu kweli?" "Kavu kama karatasi." Akacheka, akashika ubavu.

Jumapili, 24

Suruali inamvuka. Kwa macho yangu kiuno kimepungua sentimita kumi na moja. Wifi ananiona namtazama.

"Wifi, wewe hata ukimsalimia mtu unampima. Siku ya kunizika mimi utakuja na tepu?"

"Wewe sitakupima. Nitakadiria, nizidishe mara mbili."

Kaka alicheka mpaka machozi. Nilichukua mkanda wake, nikaenda nao karakana, nikatoboa matundu matatu mapya kwa mashine ya kutilia pete turubai. Nikamrudishia. Alivaa, akatumia la pili. "La tatu?" akauliza. "La akiba," nikasema.

Ijumaa, 29

Mvua siku ya kumi na tisa. Barabara ya kwenda gatini imekatika. Sina wasiwasi, turubai ni langu.

Jumapili, 7, mwezi wa nne

"Boti vipi?" "Kavu."

Leo alikuwa na maneno. Alinisimulia jinsi kila geji ilivyo na tabia yake. Ya mafuta ni mwongo, ikisema robo ujue umekwisha. Ya joto ni mwoga, hupanda kabla ya wakati. Alikuwa anazitaja kama watoto wa jirani. Sikujua kama mtu anaweza kuzipenda geji. Mimi nilikuwa nafikiri anapenda kuitwa nahodha.

Jumapili, 14

Alilala muda wote. Nilikaa dakika arobaini nikimsikiliza anavyopumua. Mara kumi na nane kwa dakika.

Jumamosi, 20

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka. Nikasema ni siku ya kufungua. Nilimwomba yule fundi umeme wa boti wanayemwita Volti anisindikize, tuwashe mashine dakika kumi kisha tufunike tena. Ni mtu mzima, mwenye mvi, anaongea kama redio iliyoachwa wazi. Njia nzima alikuwa anasifia turubai langu. "Mama Tepu, hii kazi hata Ulaya hawana."

Nikafungua kamba. Nikainua pindo.

Kitu cha kwanza kilikuwa joto. Ukifunua sufuria ya maji yanayochemka, ule mvuke unaokupiga usoni, ndio huo. Kisha harufu ya kitu kilichooza kikiwa safi. Volti hakusema neno, na hapo ndipo nilipoogopa.

Upande wa ndani wa turubai ulikuwa unatiririka. Hapana mahali mvua ilipoingia. Mishono yangu yote ilikuwa mizima, nimeikagua mmoja mmoja. Maji yalitoka chini. Yalipanda kutoka kwenye boti yenyewe, kutoka kwenye mbao na sakafu iliyolala juu ya maji siku arobaini na mbili, yakafika juu, yakakosa pa kutokea, yakageuka matone na kuzinyeshea nyaya. Nje mvua ilikuwa na siku za kupumzika. Ndani ya turubai langu ilinyesha zote arobaini na mbili.

Geji zote sita zilikuwa na ukungu ndani ya vioo. Kwenye ile ya mafuta, ile mwongo, maji yalifika nusu. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimevimba unga wa kijani. Soksi niliyoishonea nyaya kwa mikono yangu, nilipoikamua, ilitoa maji kama kitambaa cha kudekia.

Volti alizungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena. Hata taa ndogo nyekundu haikuwaka.

"Hukuacha pa kupumulia," akasema taratibu.

"Sikuacha."

"Nahodha hakukwambia?"

"Aliniambia."

Akavua kofia, akajikuna mvi. "Mama, wewe umevalisha mtu koti la mvua, ukamfunga vifungo mpaka shingoni, ukamwambia akalale. Amelowa kwa jasho lake. Asiyesikia la mkuu..."

"Usimalizie. Guu ninaliona mwenyewe."

Tukahesabu pamoja. Maungio arobaini na moja. Ishirini na tisa yameliwa. Redio imekufa. Akasema lazima ang'oe dashibodi yote, avute nyaya mpya, atafute geji. Wiki tatu, mvua ikiruhusu.

"Nusu yake haiwezekani?"

"Mama Tepu, nyaya hazishonwi."

Nilichukua mkasi nikaikata kazi yangu. Chini vidole vinne, pande zote. Juu, nyuma ya redio, mdomo. Nilikata nikiwa nimesimama kwenye boti, Volti akitazama pembeni kwa heshima, kama mtu anayepisha mwenzake avae.

Jumapili, 21

"Boti vipi?"

"Kavu," nikasema.

Nilikaa saa mbili. Ametembea kutoka kitandani hadi getini, hatua sitini. Nilizihesabu. Yeye pia alikuwa anahesabu.

Jumatatu, 22

Nimekwenda tena. Sikuweza kukaa karakana. Nimempelekea machungwa. "Kavu."

Jumanne, 23

Kavu.

Alhamisi, 25

Volti ameng'oa dashibodi. Imebaki tundu jeusi na nyaya zinaning'inia. Kaka ameniuliza kwa nini mikono yangu inanuka mafuta. Nimesema cherehani.

Jumamosi, 27

Nimemnyoa ndevu. Ni mara ya kwanza kumshika uso tangu tuwe watoto. Ana kovu chini ya kidevu ambalo nililisahau. Nililifanya mimi, kwa jiwe, nikiwa na miaka sita. "Hukuwahi kusema pole," akasema bila kufumbua macho. Nikaendelea kunyoa.

Jumatano, tarehe 1, mwezi wa tano

Mvua zimekwisha.

Mapema, siku kumi na tisa kabla ya hesabu yangu. Mbingu imefunguka kama mtu aliyemaliza kulia. Maji gatini yametulia, mtu angeweza kuyapiga pasi. Watu wote wanafurahi, mimi nimeamka nahesabu maungio yaliyobaki.

Kaka alikuwa amekwisha vaa. Mkanda tundu la tatu.

"Tepu! Umeiona mbingu? Leo tunatoka."

"Volti anabadilisha betri," nikasema.

"Kesho basi."

"Kesho."

Hatua arobaini leo, bila kushikwa.

Alhamisi, 2

Nimesema betri haijafika. Volti anafanya kazi tangu alfajiri mpaka jua kuzama, nimemshikia taa, nimemshikia koleo. Geji tatu hazipatikani popote.

Ijumaa, 3

Nimesema maji yana mawimbi. Ameangalia miti nje ya dirisha. Hakuna jani lililotikisika.

Jumapili, 5

Hatua ishirini na tano, ameshika ukuta.

Jumanne, 7

Hatua tisa. Wifi amenifuata hadi nje. "Kama kuna jambo, liseme. Huyu mtu anavaa viatu kila asubuhi." Nimemwambia hakuna jambo. Amenitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Jumatano, 8

Hakuinuka. Jua kali, maji shwari, na hakuweza kuketi bila kuinuliwa.

Siku saba. Tarehe 1 mpaka 7. Siku saba kavu mfululizo alizokuwa na miguu na mimi sikuwa na boti.

Alhamisi, 9

Nimemwambia.

Nilimsubiri wifi atoke kwenda dukani. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, sikutaka kuwa juu yake. Nikaeleza yote kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mteja kilichoharibika: sikuacha vidole vinne, nilikudanganya, siku arobaini na mbili, maungio ishirini na tisa kati ya arobaini na moja, geji sita zote, redio, siku saba. Zile siku saba nilizirudia mara mbili.

Alikuwa anatazama dari.

"Ishirini na nane," akasema.

"Nini?"

"Maungio. Volti alikosea, moja lilikuwa bovu tangu mwaka juzi. Nilikuwa nalifunga kwa utepe." Akapumzika. "Alinipigia simu jioni ile ile. Volti na siri wapi na wapi."

"Ulijua? Siku zote hizi unaniuliza boti vipi, unajua?"

"Najua."

"Kwa nini ulinyamaza? Kwa nini ulikuwa unavaa viatu?"

Kuongea sasa kunamgharimu.

"Ulikuwa unakuja Jumapili, Tepu. Dakika arobaini. Miaka yote hiyo, dakika arobaini, unaangalia saa. Tangu uiharibu boti umekuja siku kumi na tisa bila kukosa. Nikisema najua, utaacha. Viatu ... viatu nilivaa labda Volti angewahi."

Niliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema nisamehe. Nilisema mara moja, kwa sauti, neno lote. Nilikuwa nimelisubiri miaka ishirini na sita litoke upande wa pili, likatoka kwangu.

Akaweka mkono kichwani mwangu. Mwepesi, kama mkono wa shati tupu.

"Kichwa kigumu hiki," akasema. Basi. Cherehani hakuitaja. Nilingoja, nakiri nilingoja, lakini wifi alirudi na mkate.

Ijumaa, 10

Volti anasema dashibodi bado, ila anaweza kuunga mashine moja kwa moja kwenye betri. Itawaka. Hakuna geji, hakuna redio, hakuna taa. Nimemwambia aunge.

Jumamosi, 11

Tumempeleka gatini. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, Volti mbele, mimi na wifi nyuma. Hana hata kilo arobaini na tano. Nilitaka kumshusha kwenye boti, lakini ngazi ina vipandio sita na kila tulipomwinamisha alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Akasema mwenyewe, "Niwekeni hapa."

"Volti aiendeshe uione," wifi akasema.

"Volti haendeshi boti yangu. Ataendesha mdomo." Akaninyooshea kidole. "Huyu."

"Mimi? Sijawahi kuishika."

"Ndiyo maana."

Sijawahi hata kupanda ikiwa inatembea. Niliapa nikiwa na miaka kumi na saba kwamba mashine ile haitanibeba. Hii ni ya tatu tangu ile, lakini kiapo sikukibadilisha. Nikashuka vipandio sita. Volti akagusanisha nyaya mbili, cheche ikaruka, mashine ikakohoa, ikakohoa, ikaitika.

Kaka alinyoosha mkono: mbele, taratibu, kushoto. Nilitoka. Mbele yangu palikuwa na matundu sita matupu ya geji, na kupitia humo niliona maji. Sikujua mafuta ni kiasi gani, joto kiasi gani, mwendo kiasi gani. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na namba hata moja. Nilikuwa na mkono wake tu, kule kwenye kiti cheupe. Ukienda kulia, nami nageuza kulia.

Nilizunguka mara nne. Mzunguko wa mwisho nilimwona anasema kitu, anasema kwa nguvu, shingo imesimama, analirudia. Mashine ilifunika kila kitu. Niliporudi na kuzima, alikuwa amelala, kidevu kifuani. Tulimbeba hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Jumapili, 12

Analala.

Jumanne, 14

Amefumbua macho mara moja. Hakuuliza habari za boti.

Jumatano, 15

Kaka amefariki saa tatu na dakika kumi asubuhi. Wifi alikuwa mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Jumatatu, 20

Watu wamepungua. Leo tulikuwa wawili tu, mimi na wifi, tunakunja nguo zake. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza. Pale gatini, mzunguko wa mwisho, alikuwa anasema nini?

"Ulikuwa mbali," akasema.

"Najua nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa ubavuni mwake."

Alikunja shati moja, akalipapasa. Nadhani aliona usoni mwangu ninachokitaka, na nadhani alifikiria kunipa. Ni mtu mwema kuliko nilivyomwandika humu.

"Alikuwa anasema upunguze mwendo, wifi. 'Punguza, punguza, utagonga gati.'"

"Basi?"

"Basi."

Tukaendelea kukunja. Nguo zilikuwa mashati kumi na mawili, suruali tano, koti moja. Daktari alitoa siku tisini, kaka alitumia sabini na sita. Kumi na nne zilizobaki ninaweza kumwachia Mungu. Zile saba siwezi. Nimezihesabu kutoka mwanzo na kutoka mwisho, na kila upande ninaoanzia zinafika kwangu.